Mradi umefaulu, makala imekwama: namna ya kuwafundisha marezidenti kuandika

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni daktari bingwa wa watoto hapa Tanga. Marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, wanaokuja kwetu kwa mzunguko, wakishirikiana na madaktari tarajali na manesi wa wodi, walianzisha mradi wa kupunguza muda ambao mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu anasubiri tangu kuandikiwa damu hadi kutundikiwa. Tulianza Mei, tukamaliza Oktoba. Jaribio la kwanza, fomu mpya nyekundu, lilikufa mapema kwa sababu usiku maabara ina mtu mmoja tu na hakuna aliyemweleza fomu ni ya nini. La pili, utaratibu wa nesi kupiga simu maabara kabla sampuli haijatoka wodini, ndilo lililoshika. Nikawaambia waandike makala ya jarida. Nimeletewa kurasa thelathini na nane zenye sura ya tasnifu. Kaandika mmoja, wengine wameingia mitini, na katika orodha ya waandishi yumo aliyesaini barua tu; jarida limeirudisha kwa mistari miwili. Ni vijana wenye akili kabisa. Nawafundishaje kuandika mambo haya? Naambatanisha rasimu.

JIBU: Marahaba Dokta, pole na majukumu. Rasimu nimeisoma yote, pamoja na lile jedwali la kurasa mbili. Niseme mapema kwamba tatizo la vijana wako si Kiingereza wala si uvivu. Wameandika kile walichofundishwa kuandika. Rezidenti wa MMed, yaani shahada ya uzamili ya tiba, tangu anaingia macho yake yako kwenye tasnifu, na tasnifu kazi yake ni kumridhisha mtahini kwamba mwanafunzi amesoma vya kutosha. Kwa hiyo anajaza. Msomaji wa makala ya uboreshaji wa huduma ni mtu mwingine kabisa. Ni daktari au nesi wa Handeni, wa Lindi, au wa Malawi huko, ambaye wodini kwake watoto wanasubiri damu vilevile. Anataka kujua nyinyi mlifanyaje, na yeye akijaribu kwake kitu gani kitamkwamisha. Mtahini hana shida hiyo, yeye haendi kujaribu chochote.

Tazama rasimu inavyoanza: upungufu wa damu ni tatizo kubwa la afya ya jamii duniani. Kisha dunia, kisha Afrika kusini mwa Sahara, kisha Tanzania. Jina la Tanga linatokea mara ya kwanza ukurasa wa tisa, chini ya kichwa cha eneo la utafiti, nasi tunaelezwa kwamba mkoa unapakana na Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Mhariri wa jarida hahitaji bahari. Anahitaji yule mtu mmoja wa maabara usiku, ambaye wewe umemtaja katika barua ya aya moja na wao hawakumtaja katika kurasa thelathini na nane. Anahitaji kujua sampuli ilikuwa inapelekwa na nani, kama mama mwenyewe alitumwa nayo, na chupa isiyo na jina ilirudishwa mara ngapi.

Sentensi ya kwanza ingeweza kuwa hivi: katika wodi yetu ya watoto, mtoto aliyeandikiwa damu jioni mara nyingi hakutundikiwa mpaka zamu ya asubuhi ilipoingia. Basi. Daktari yeyote aliyewahi kulala zamu atasoma sentensi ya pili. Takwimu za dunia ziwekwe baadaye, sentensi mbili zinatosha.

Kuna mwongozo wa kimataifa wa kuripoti kazi za namna hii, unaitwa SQUIRE. Ulitoka mwaka 2008, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2015, na toleo hilo la pili lina vipengele 18. Majarida mengi ya uboreshaji yanautaka. Lakini nakusihi usiwagawie vipengele 18 siku ya kwanza. Watavigeuza vichwa vya habari 18, na utarudishiwa tasnifu nyingine. Mwongozo wenyewe unasema si lazima kila kipengele kiingie katika kila makala. Chini yake kuna maswali manne tu: kwa nini mlianza, mlifanya nini, mliona nini, na kina maana gani. Kikao cha kwanza waulize hayo manne kwa mdomo, mmoja mmoja, na usiwaruhusu kufungua kompyuta.

Tena waulize kwa Kiswahili. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona linavyofanya kazi. Vijana hawa wanajadili mgonjwa kwa Kiswahili, wanagombana na maabara kwa Kiswahili, wanamweleza mama kwa Kiswahili. Wakiketi kuandika Kiingereza moja kwa moja, wanachokoroga ni vipande vya sentensi walivyovisoma katika makala za watu. Mwambie mmoja akusimulie usiku ule fomu nyekundu ilipokwama, mwenzake arekodi kwa simu. Utasikia mpangilio mzuri tu: nani alifanya nini, kikashindikana wapi, wakafikiri nini, wakabadili nini. Huo ndio mpangilio wa makala. Kiingereza kitafuata, na kikiwa chepesi ndiyo heri. Mhakiki, yaani mtaalamu anayeipima makala kwa niaba ya jarida, anasamehe kosa la sarufi, lakini aya isiyosema kitu haisamehi.

Sasa nije kwenye fomu nyekundu, maana hapo ndipo makala yenu ilipo na hapo ndipo walipopakata kwa kalamu. Kwenye rasimu haimo. Wameandika kana kwamba utaratibu wa simu ulibuniwa siku ya kwanza na ukafanya kazi siku ya pili. Nadhani najua kwa nini. Wamefunzwa kwamba utafiti mzuri ni ule ambao mpango wake haukubadilika njiani, na hilo kwa kiasi kikubwa ni kweli kwa majaribio ya tiba. Hapo jirani Muheza, Hospitali ya Teule ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa FEAST uliochapishwa mwaka 2011: watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliolazwa na homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu. Waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa. Matokeo hayo yaliwashtua madaktari dunia nzima, na yaliaminika kwa sababu kila kituo kilifuata utaratibu uleule. Daktari wa Muheza angeanza kubadili vipimo vya maji kivyake wiki ya tatu, kazi yote ingeharibika.

Uboreshaji uko kinyume chake. Tunajua tayari kwamba mtoto mwenye damu ndogo mno anahitaji damu upesi, hakuna anayebishania hilo. Kisichojulikana ni namna ya kuifikisha damu hiyo kitandani saa tisa usiku katika jengo lenu, na watu mlio nao. Kubadili njiani ndiyo njia yenyewe. Mnapanga, mnajaribu kwa udogo, mnatazama kilichotokea, mnarekebisha, mnajaribu tena. Mzunguko huo unasimuliwa mzima, pamoja na raundi iliyoanguka. Mtu wa Handeni akisoma makala yenu bila fomu nyekundu, atachapisha fomu nyekundu yake mwenyewe mwezi ujao.

Mfano ninaoutumia kila ninapofundisha suala hili ni wa orodha ya usalama wa upasuaji, ile inayosomwa kabla mgonjwa hajapewa usingizi, kabla ya kupasua, na kabla ya kutoka chumba cha upasuaji. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya hospitali nane katika nchi nane, na mojawapo ilikuwa ya kwetu, Ifakara. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Orodha ikaenea duniani. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, wakachapisha matokeo ya hospitali 101 zilizokuwa zimeanza kutumia orodha za aina hiyo, na humo hawakuona upungufu wa maana wa vifo wala wa matatizo. Karatasi ileile. Watu wamejadili sana kwa nini, na jawabu nyingi zinarudi kwenye mambo yasiyoonekana katika jedwali: orodha ililetwaje, nani alifundishwa, nesi aliruhusiwa kumsimamisha daktari wa upasuaji au aliweka tiki tu ili kazi iende. Wape marezidenti habari hii kabla ya neno jingine lolote, halafu waulize: katika mradi wetu, ni nini ambacho hakimo kwenye jedwali? Usiwasaidie kujibu.

Kwa hiyo mazingira, ambayo wao wameyafanya ramani ya mkoa, yaandikwe kama sababu. Maabara iko umbali gani na wodi? Usiku simu inapokewa na nani? Benki ya damu inapata chupa kutoka wapi? Na hapa kuna jambo ambalo limenitia wasiwasi kwenye grafu yenu.

Wamechora nguzo mbili, kabla na baada. Kabla ni Mei na Juni, baada ni Septemba na Oktoba. Nguzo ya pili ni fupi, kila mtu amefurahi. Lakini wewe ni daktari wa watoto wa Tanga, huhitaji mimi nikukumbushe kwamba masika ni Machi hadi Mei, na kwamba malaria hupanda mvua zikishanyesha. Mei na Juni wodi ilikuwa imejaa watoto wa malaria kali wanaogombea chupa zilezile. Tena Juni shule zinafungwa, na wanafunzi wa sekondari ni tegemeo kubwa la uchangiaji damu nchini. Septemba watoto wamepungua na shule zimefunguliwa. Huenda muda wa kusubiri ungepungua hata kama hakuna aliyepiga simu! Mhakiki wa Ulaya labda asilione hilo, ila wa Kampala ataliona kabla hajamaliza chai.

Dawa yake si takwimu ngumu. Waondoe nguzo, wachore mstari wa wiki kwa wiki, kuanzia wiki za nyuma kabisa ambazo rejista inaweza kuwapa. Wapige mstari wa katikati, yaani mediani, ambao nusu ya nukta ziko juu yake na nusu chini yake. Kisha waweke alama mahali fomu ilipoanza, ilipokufa, na simu ilipoanza. Sheria za kusoma grafu hiyo ni chache: nukta sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mediani, au nukta tano au zaidi zinazopanda au kushuka mfululizo, ni dalili kwamba kuna kilichobadilika kweli. Nukta iliyoangukia kwenye mstari wenyewe wa mediani haihesabiwi. Na kama rejista za mwaka jana zipo, walinganishe Septemba na Septemba. Iwapo mshuko unaanza pale simu ilipoanza na si pale mvua zilipokatika, mna makala. Usipoanza hapo, bado mna makala, ila hitimisho lake litakuwa la unyenyekevu zaidi, na majarida mazuri huzipokea makala za namna hiyo.

Wakati huohuo wafafanue kipimo chenyewe. "Muda wa kusubiri" unaanzia wapi? Daktari anapoandika, sampuli inapotolewa, au maabara inapoipokea? Nimeona katika kurasa zao maana mbili tofauti. Tena wapime na madhara yanayoweza kuletwa na haraka: je, chupa za sampuli zenye jina la mtoto mwingine ziliongezeka? Anayesukuma jambo moja liende mbio lazima aangalie lisije likaangusha jingine, hasa kwenye damu.

Kuhusu namna ya kufundisha kwenyewe. Warsha ya siku mbili hotelini Raskazone, yenye chai na vitafunwa, haifundishi mtu kuandika. Chukua saa moja kila wiki, ileile, baada ya ripoti ya asubuhi siku ambayo si ya raundi kubwa, na uilinde kama unavyoilinda kliniki yako. Kila anayekuja alete aya moja iliyochapwa. Isomwe kwa sauti na mtu asiyeiandika. Msomaji akijikwaa, sentensi ina tatizo, na huna haja ya kueleza kanuni. Kisha toa maoni ya jambo moja tu. Wiki hii uliza kama aya inasema nani alifanya. Vijana wetu wanapenda sana sentensi zisizo na mtendaji: sampuli ilichukuliwa, mafunzo yalitolewa, mabadiliko yalifanyika. Na nani? Wiki nyingine shughulika na urefu. Ukirudisha rasimu imejaa wino mwekundu kila mstari, atasahihisha koma na kuacha hoja kama ilivyo. Na usiandike wewe. Najua ni rahisi, ungeimaliza Jumamosi moja, lakini rezidenti atajifunza kwamba makala huandikwa na bosi.

Waanze na sehemu ya walichokifanya, kwa kuwa ndiyo wanayoijua. Kisha grafu, kisha matokeo yanayoizunguka grafu, kisha maana yake. Utangulizi waandike wakishajua makala imesema nini. Muhtasari na kichwa cha makala viwe vya mwisho kabisa.

Miradi ijayo, kuandika kuanze siku mradi unapoanza. Daftari moja la kawaida pale meza ya manesi: tarehe, tulichojaribu, nani alikuwepo, kilichotokea, tutakachobadili. Mistari mitatu kwa siku inatosha. Marezidenti wanahama kila mzunguko unapokwisha, wanaondoka na kumbukumbu zote kichwani, na miezi minne baadaye unawapigia simu wako Dar es Salaam kwenye zamu. Daftari halihami. Ila lisiwe na majina ya wagonjwa.

Majina ya waandishi sasa. Kwenye rasimu wamo madaktari watupu, tena mmoja ambaye kwa mujibu wa barua yako hakushiriki zaidi ya kusaini. Masharti ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ni manne na yote yatimizwe: mchango wa maana katika kazi, kuandika au kuhakiki kwa makini, kuridhia toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Kusaini barua hakumo. Nesi aliyebuni simu ile ana sharti la kwanza mkononi, na masharti hayohayo yanataka mtu wa namna hiyo apewe nafasi ya kusoma na kurekebisha rasimu. Mpeni. Mkae naye, msomeeni kwa Kiswahili kama ndivyo anavyopenda, aseme pale mlipokosea. Mimi kwa uzoefu wangu makala huwa sahihi zaidi nesi akishaipitia, maana ndiye aliyekuwepo usiku. Na yule mtaalamu wa maabara wa zamu ya usiku msimsahau. Yeye ndiye aliyepokea hizo simu zote.

Kibali cha maadili: rasimu haina hata sentensi moja. Huenda mlifikiri kazi ya kuboresha wodi yenu haihitaji, na wapo wanaokubaliana nanyi, lakini ukishataka kuchapisha mhariri atauliza. Mnapoanza mradi wowote mnaodhani utaandikwa, pelekeni maelezo mafupi kwa kamati inayohusika na mpate jibu la maandishi, hata kama jibu ni kwamba mradi hauhitaji kibali kamili. Kwa huu uliokwisha, nendeni sasa mkaeleze ukweli ulivyo, na mwulize pia utaratibu wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kuhusu ruhusa ya kuchapisha. Kumbukeni vilevile kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na kwamba Tanga si mji mkubwa. "Mtoto wa miaka miwili kutoka Tongoni aliyelazwa usiku wa kuamkia Idi" hana jina katika rasimu yenu, lakini mtaa mzima unamjua. Aondoke.

Programu za akili bandia wanazitumia, usijidanganye. Kusafishia Kiingereza sina ugomvi nako, ilimradi watamke hivyo, kwani majarida yanataka itajwe na hayakubali programu kuwa mwandishi. Ninachokataza ni kuiachia iwatafutie marejeo. Inabuni makala zisizokuwepo, na mhakiki akibaini moja tu, kazi yote imekwisha.

Pa kupeleka: BMJ Open Quality linachapisha hasa kazi za aina hii, ila waulizeni mapema kuhusu ada na punguzo kwa nchi zetu. Tanzania Journal of Health Research na Tanzania Medical Journal yanasomwa na watu ambao kesho wanaweza kuiga simu yenu, na mimi hilo nalipa uzito kuliko vijana wako wanavyolipa. Jarida linalowaandikia barua pepe la kuwasifu na kuahidi kuchapisha baada ya siku tano, likidai malipo kwanza, wafute.

Kwa rasimu hii mliyo nayo, fanya hivi wiki ijayo. Usiwaambie waipunguze, kwa sababu kurasa thelathini na nane zikipunguzwa huzaa tasnifu fupi. Waiweke kando, waandike upya kutoka kwenye yale masimulizi waliyoyarekodi, maneno yasizidi elfu tatu. Ile grafu mpya ije kwanza, kabla ya aya yoyote. Lile jedwali la kurasa mbili lenye mgonjwa mmojammoja liondoke kabisa. Ukishapata toleo hilo nitumie, pamoja na maoni ya nesi pembeni.